Linki za Baba Mdogo na Usingizi wa Mtoto

Kwako Baba Mdogo,
ambaye tangu ustaafu unapenda tukuite Ndugu Mhariri,

Shikamoo.

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii niliagizwa zamani, hata kalamu nilishaitafuta, lakini nikikaa mezani mtoto anaamka, na mtoto akilala mimi naanguka hapo hapo nilipo kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mara ya kwanza niliishia kwenye "Kwako". Mara ya pili nikafika kwenye "Shikamoo", nikasinzia juu yake, wino ukahamia shavuni, na mume wangu aliporudi akaitika. Leo nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtoto yuko mgongoni kwa bibi yake wanazunguka uani. Nitaandika mpaka watakapochokana.

Naandika kwa niaba ya familia. Aliyeniagiza ni mama mkwe, yaani shemeji yako. Alisema niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu, nanukuu, "wewe anakupenda, hatakasirika sana." Alisema pia barua iwe kali lakini yenye adabu, na kwamba ataipitia mwenyewe kabla haijaingia kwenye bahasha. Kwa hiyo Baba Mdogo, ukikutana na ukali ujue ni wa kikao cha familia. Adabu ni yangu.

Hakuna asiyeijua kazi uliyoifanya. Maisha yako yote ulikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, unasoma kila neno kabla halijaingia mashineni, mpaka nukta ya mwisho. Ulipostaafu ukabaki na macho yenye njaa. Wanao wakakununulia simu, nawe ukaingia kwenye grupu la familia, ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa la kutangaziana harusi, homa, na nani amechukua ngazi ya nani. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla chai haijapoa, tukawa tunapokea linki tatu: moja ya teknolojia, moja ya biashara, moja ya utamaduni. Na chini yake maneno yale yale, "Soma mpaka mwisho." Hujawahi kututumia kitu ambacho wewe mwenyewe hukukimaliza. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia, maana ulidhani na sisi tuko hivyo.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Umetuharibia mtoto.

Mjukuu wako hakuwa mtu wa kulala mchana. Nilimwimbia nyimbo zote ninazozijua, nikazirudia, nikaanza kutunga. Alikuwa ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyepanga foleni kwenye dirisha lisilo lake. Siku moja, mtoto begani na simu mkononi, nikafungua linki yako ya ile kampuni ya vifuniko vya chupa, nikaisoma kwa sauti ili nisisinzie mimi. Nilipofika kwenye "robo ya tatu ya mwaka" macho yake yakalegea. Nilipotamka "wanahisa" alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Tangu siku hiyo hataki wimbo. Dada yangu alikuja kunisaidia, mwanakwaya kabisa, sauti kama asali, mtoto akamlilia mpaka nikamsomea habari za bei ya shaba. Kliniki ndiyo usiseme. Alipochomwa sindano, muuguzi alimtikisia kichezeo cha plastiki, mtoto akazidi kupiga kelele. Mimi nikageukia friji ya chanjo nikamsomea yale maelezo ya nyuzijoto yaliyobandikwa mlangoni, akanyamaza, akalala. Muuguzi akaniuliza, "Mama, baba wa mtoto huyu ni mhasibu?" Nikamwambia hapana, ni fundi cherehani. Akafunga faili taratibu, akasema, "Haya bwana."

Baba Mdogo, hiyo "haya bwana" niliibeba mpaka nyumbani.

2. Makala zako ni ndefu kuliko usingizi wa mtoto.

Hili ndilo shina la mengine yote, kwa hiyo naomba ulisome pole pole. Mtoto hulala katikati ya makala. Hajawahi kufika mwisho hata mara moja, na akishalala mimi siwezi kuendelea. Nikiendelea kwa sauti anaamka. Nikiendelea kimoyomoyo, sijui anahisi vipi, anafungua jicho moja. Inabidi niilaze simu kifudifudi, nitoke chumbani kwa ncha za vidole, nikakutane na beseni la nguo. Nikija kuikumbuka simu ni kesho yake, na linki yako haipo tena, kwa sababu mama mkwe ndiye admini, na simu yake ilipojaa aliamuru kila ujumbe wa grupu ujifute baada ya siku moja. Alisema ya jana yana faida gani.

Hivyo basi, naijua dunia nusu. Mianzo yote ninayo. Miisho sina hata mmoja.

Ningekuwa peke yangu ningevumilia. Lakini nyumba yetu unaijua. Chumba changu kiko katikati: upande huu duka la mume wangu na cherehani yake, upande ule jikoni kwa Mama, na milango yote ni mapazia. Nikimsomea mtoto, wao wanasikiliza. Nikinyamaza, wanadhani makala imeisha. Nimewaeleza mara nyingi kwamba aliyeisha ni mtoto, lakini wakati huo kila mtu ameshaondoka na nusu yake.

3. Kuhusu mume wangu na mifuko.

Ulituma habari ya mwoka mikate wa mji mmoja wa baridi. Alikuwa anaoka mikate ya kila namna, mpaka ile ya maumbo ya wanyama, na uchovu ukawa unamuua. Asubuhi moja akaamua kuoka aina moja tu ya mkate, ile anayoiweza kuliko zote. Foleni ikazunguka kona, watu wakaanza kuja na viti vyao kutoka nyumbani.

Mtoto akalala hapo, kwenye viti.

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. Nikasikia mume wangu anavuta pumzi. Akaniambia kupitia pazia, "Mke wangu, mimi nashona vitu vingi mno." Kesho yake, kwenye ubao wa dukani uliokuwa umeandikwa magauni, suruali, sare na mapazia, akafuta vyote akaandika kwa chaki: MIFUKO TU.

Sitaki kumsema vibaya baba wa mtoto wangu. Mfuko wake ni mfuko. Ukiutia mkono hutaki kuutoa. Lakini Baba Mdogo, mtu akileta kitambaa cha gauni akarudishiwa kitambaa kile kile kikiwa na mifuko miwili, anajisikiaje? Watoto wa shule walipelekewa mifuko bila kaptula. Mwanangu mwenyewe, ambaye hajui hata kukaa bila mto, ana mifuko mbele, nyuma na kwenye soksi. Mwishowe akaja bwana harusi kuchukua suti yake. Akakabidhiwa mifuko mitano, imepigwa pasi, imening'inizwa kila mmoja kwenye hanga lake. Yule kijana aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Fundi, hii nitaivaa wapi?" Mume wangu akamjibu kwa upole kabisa, "Subiri foleni ianze."

Suti ilishonwa, tena ilipendeza, maana Mama aliingia dukani na mkasi mkononi akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe mpaka ikaisha. Waliishona kuizunguka mifuko ile ile. Lakini wakati sindano inakwenda ndipo Mama alipotamka, "Shemeji huyu na linki zake atatuvua nguo," na kikao kikaitishwa.

4. Kuhusu Mama mwenyewe.

Aya hii nimeruhusiwa kuiandika kwa kifupi. Ulituma linki ya utamaduni, watu wa milima fulani wanaozungumza kwa miluzi kutoka kilima hadi kilima. Walieleza habari ya bibi mmoja aliyegombana na dada yake, wakanuniana, kila mmoja akabaki kwenye kilima chake. Asubuhi moja yule bibi akasimama mlangoni akapiga mluzi mrefu kuelekea kilima cha pili. Mtoto akalala.

Sasa, nusu ya kwanza ilieleza kwamba inawezekana mtu kuongea kwa mluzi. Nadhani nusu ya pili ndiyo iliyoeleza jinsi ya kuuelewa. Mama hakuisikia, lakini hakuona kama hicho ni kizuizi. Ameacha kutuita kwa majina. Mluzi mrefu ni chumvi, miwili mifupi ni mgeni, na kuna mmoja unapanda unashuka, huo bado tunauogopa tu. Wiki iliyopita alipiga wa chumvi. Mume wangu akakimbia na ngazi, mimi nikakimbia na mtoto, na mbwa wa jirani akaja mwenyewe akaketi mlangoni pa jikoni. Aliyesifiwa ni mbwa. Mama alisema angalau huyo ana nia ya kujifunza.

5. Kuhusu daraja.

Hili halikujadiliwa kwenye kikao. Ni langu, nimelichomeka.

Ulitutumia makala ya mhandisi aliyepewa daraja kuukuu la chuma alisikilize. Alilibandika vinasa sauti vidogo vidogo mwili mzima, kama daktari, ili nyufa zikianza azisikie mapema. Basi kila alfajiri, kabla gari lolote halijapita, mitambo ikawa inanasa sauti ile ile: kugonga mara tatu, kimya, kugonga mara moja. Wakabadilisha mitambo, sauti ikabaki. Wakafunga barabara, sauti ikabaki. Mwisho mhandisi mwenyewe akashuka chini ya daraja, akavua kofia, akabandika sikio lake kwenye chuma, akasikia—

Na mtoto wako wa kishetani, samahani, mjukuu wako mpendwa, akalala.

Kosa langu ni kwamba kesho yake bombani niliwasimulia wenzangu. Nilisimulia vizuri, Baba Mdogo, ungekuwepo ungefurahi. Ndoo zilijaa zikamwagika hakuna aliyefunga maji. Nilipofika kwenye sikio nikanyamaza. Wakasema, "Enhe?" Nikasema, mtoto alilala. Jamani, nilitukanwa. Mama muuza mkaa ndiye aliyeumia kuliko wote, maana alikuwa ameshaweka gunia chini. Tangu siku hiyo ananipimia mkaa wa chini ya gunia, ule wa vumbi. Nikilalamika ananiambia, "Leta mwisho wa daraja, nikupe wa juu." Hata mumewe, ambaye mimi naye hatujawahi kusalimiana, alinisimamisha barabarani akauliza kwa sauti ya chini kama ni mtu aliyekuwa anagonga.

Mimi nitajuaje?

6. Kwa hayo yote, familia inadai:

a) Usitume tena linki yoyote kwenye grupu, iwe ya teknolojia, biashara wala utamaduni. Grupu lirudi kwenye harusi, homa na ngazi.

b) Kwa kuwa wewe ni Mhariri, na wahariri mnajuana, uwaagize waandishi wote wa dunia kwamba kuanzia sasa kila makala ianze na mwisho. Atakayependa kuujua mwanzo, huo atautafuta kwa muda wake.

c) Ikishindikana, basi dunia yenyewe isimame kidogo. Isivumbue kitu, isifungue biashara mpya, na watu wa milimani wanyamaze, mpaka mtoto wetu aanze shule. Hapo nitakuwa na nafasi asubuhi, nitasoma yote kwa mpigo. Kikao kimeona hili ni ombi la wastani.

Tunatambua kwamba grupu lilipofungwa usiweze kuandika, ulimtumia Mama ujumbe wa maneno mawili, "Nimeelewa. Samahani." Mume wangu alipopita kwako akaikuta simu umeifunga kwa leso, umeiweka kabatini pamoja na vijiko vya wageni, na wewe umekaa unasoma maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Aliuliza kama uko sawa, ukasema wamekosea mkato mmoja. Kikao kinakushukuru kwa utii wako, na kinaomba hali hiyo iendelee.

Msalimie Mama Mdogo, mwambie lile shuka la mtoto limetufaa sana. Wasalimie wanao, jirani yako mwenye redio, na yule kinyozi wako anayekukata huku anakusikiliza. Huku wote wazima, isipokuwa usingizi. Nakuaga kwa mikono miwili, mmoja ukiwa bado na povu.

Ni mimi, mkwe wako,
mke wa fundi, mama wa asiyelala.

Nyongeza:

Baba Mdogo, Mama ameshaisoma barua na kuipitisha. Amesema pale penye mbwa nimezidisha, ila iende hivyo hivyo. Mtoto kaniachia mapajani, yeye amekwenda kutafuta gundi ya bahasha. Kwa hiyo naandika mbio.

Tangu unyamaze mtoto hajalala mchana hata mara moja. Nimemsomea pakiti ya sabuni, karatasi ya dawa ya kikohozi na kadi yake mwenyewe ya kliniki. Anavimaliza vyote halafu ananitazama, enhe? Hakuna robo ya tatu ya mwaka kwenye pakiti ya sabuni.

Lakini si mtoto tu. Ni mimi. Kutwa nzima nasikia lete, shika, kausha, ananyonya, ametapika, chumvi. Nawapenda wote, na wote wana haki ya kuita. Ila ile nusu makala ya mchana ndiyo ilikuwa saa yangu pekee ya kuambiwa jambo ambalo halinisubiri nilifue. Nilikuwa naweza kusimama kwenye beseni nakamua nepi huku nipo chini ya daraja na yule mhandisi. Tangu ulipoifunga simu kwenye leso, nikisimama kwenye beseni nipo kwenye beseni.

Kwa hiyo barua yote iliyoko juu isome, isahihishe kwa kalamu yako nyekundu kama ninavyokujua, kisha ikunje uiweke chini ya ule mguu wa meza yako unaoyumba. Halafu toa simu kabatini. Hili siombi, naagiza. Kwenye grupu usitume, mkataba ni mkataba. Nitumie mimi, kwenye namba yangu, huko hakuna admini na hakuna kinachojifuta. Mume wangu atakayekuletea bahasha hii nimemwambia asikae, asinywe hata maji, mpaka aone kwa macho yake umebonyeza.

Wewe ulisoma mpaka mwisho. Miisho yote unayo. Ninachohitaji ni hivi:

Mwisho wa daraja. Mhandisi alisikia nini? Uniandikie kwa maneno yako, mafupi, niweze kuyabeba mpaka bombani. Mkaa wangu umebaki vumbi tupu.

Mwisho wa mwoka mikate. Mume wangu amerudi kwenye suruali na magauni, lakini ule ubao hajaufuta vizuri, na kila akipita anauangalia. Kama foleni ilikatika, niambie nimwambie. Kama haikukatika, niambie mimi peke yangu.

Mwisho wa miluzi. Hapa Mama amerudi na gundi, amesimama nyuma yangu, na ameshasoma mpaka mstari huu. Nilidhani nimekwisha. Amevuta kigoda, amekaa, halafu amesema, "Muulize shemeji, yule dada wa kilima cha pili aliitika?" Kisha ameongeza niandike kwamba anayeuliza ni mimi.

Na moja mpya, ndefu, ya kuchosha kabisa, ya bima za meli au ya misumari, yenye wanahisa wengi na isiyo na picha. Ifike kabla ya saa nane mchana.